Mgonjwa wa Benchi

Leo nimeamka na kichwa kinachogonga upande mmoja na koo lenye mikwaruzo. Siwezi kuuita ugonjwa. Ni ile hali ya katikati ambayo mtu akiulizwa hali husema "niko sawa tu" kwa sauti ya mtu ambaye hayuko sawa. Wenzangu wa kazini wangepitia duka la dawa wakanunua vidonge, wakaendelea na siku yao. Mimi nilipika uji wa wimbi, nikajimiminia kikombe kizima, nikanywa mpaka ukanishinda, halafu nikachungulia ndani nione umebaki kiasi gani. Binti yangu aliyekuwa akivaa viatu vya shule aliniuliza natafuta nini humo. Nikamwambia nimeona nzi. Naona haya kumweleza mtoto wa siku hizi kwamba humo ndani ya kikombe ndimo nilimofundishwa kumtafuta daktari.

Nililelewa Shinyalu kwa mama yake mama yangu, ambaye wajukuu wote tulimwita Kukhu, kama watu wa kwetu wanavyomwita bibi. Mama aliuza vitambaa mjini Kakamega na alikuwa amepanga chumba kule Shieywe, kwa hiyo mimi nilimwona Jumapili kwa Jumapili. Boma lilikuwa na nyumba mbili: ya Kukhu, ambamo nililala mimi, na ya mjomba, ambamo mkewe, Mama Shitandi, alilala na kundi lake la watoto. Shitandi mwenyewe alikuwa rika langu na mpinzani wangu katika kila jambo, kuanzia masomo hadi kumenya muwa kwa meno.

Katika boma hilo, kuumwa kidogo kulikuwa na sheria zake. Kuumwa sana hakukumsumbua mtu. Ukizidiwa unafungwa shuka, kijana wa bodaboda anaitwa, unapelekwa hospitali. Taabu ilikuwa kule kuumwa kwa chini chini, ambako kwetu kulizidi majira ya kupalilia mahindi. Umande ukiwa mwingi na magugu marefu, matumbo yetu yaliuma kwa zamu, leo mimi, kesho Shitandi, keshokutwa mdogo wake. Kukhu alikuwa amewalea mama yangu na mjomba na kuwaona wakifanya ujanja huo huo, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kumbembeleza mtu. Alikuwa na uji.

Kila asubuhi tulikaa kuzunguka jiko la kuni, kila mtoto na kikombe chake cha bati, naye akatumiminia kwa kata ile ile, wote sawa. Ukisema unaumwa hakukugusa paji la uso wala kukuuliza wapi. Alisema, "Kunywa kwanza," kisha akangoja. Ukimaliza, umepona, chukua jembe, au mkoba kama ni siku ya shule. Uji ukikushinda kabisa, hata tone halishuki, unapelekwa hospitali na hakuna wa kukutilia shaka. Lakini ukinywa nusu ukaacha nusu, basi wewe ni mgonjwa wa benchi.

Benchi lilikuwa nje kabisa ya ua, kando ya njia ya miguu inayotoka upande wa msitu wa Isecheno kwenda sokoni. Mgonjwa wa benchi halali. Anapewa ungo wa maharagwe achambue, anakaa pale mchana kutwa, na kila anayepita lazima amuulize ana nini. Naye lazima ajibu ukweli kwa mdomo wake mwenyewe. "Ugonjwa mkubwa uko na daktari," Kukhu alikuwa akisema. "Huu mdogo unataka macho ya watu." Na macho yalikuwepo. Wachuma chai walisimama, akina mama wenye mizigo ya kuni walisimama bila kuitua, waendesha pikipiki walipunguza mwendo ili wasikie vizuri. Kila mmoja aliacha ushauri wake, huyu tangawizi, yule majani ya mpera, mwingine akakusimulia habari za shemeji yake aliyeanza hivyo hivyo na sasa ni marehemu. Jioni ulikuwa unajua watu wote wanaofanana nawe kwa ugonjwa kutoka Shinyalu mpaka msituni.

Mimi nilikalia benchi hilo mara moja tu, na ilitosha. Mwalimu wangu wa darasa alipita na baiskeli, nyuma yake wavulana wa darasani wakirudi kula chakula cha mchana. "Imali! Leo vipi?" akauliza. Nikasema ni kichwa. Sauti ya Kukhu ikatoka ndani ya ua: "Mwambie mwalimu ukweli!" Nikainamia maharagwe. "Ninaendesha, mwalimu," nikasema. Mwalimu aliitikia kwa heshima zote, akasema pole. Wale wavulana walianguka kwenye nyasi kwa kicheko, na muda mrefu baadaye nilipopita walikuwa wakiunguruma mfano wa lori linalopanda mlima. Niliapa kwamba sitaacha uji tena hata uwe na misumari ndani.

Basi ndivyo nilivyokuwa nimejifunza kumaliza kikombe upesi kuliko wote, na labda ndiyo sababu Kukhu alinichagua mimi. Asubuhi moja wenzangu walipokwisha kutoka aliniita nirudi jikoni. Alikuwa ameshika kikombe chake. "Malizia hii," akasema. "Fanya haraka, wenzako wasikuone." Uji wake ulikuwa mtamu kuliko wetu kwa sababu ulitiwa maziwa. Ulikuwa mdogo tu, wa kufunika chini ya kikombe. Niliunywa nyuma ya mlango, nikalamba ukingo, nikatoka nikijifuta mdomo. Kesho yake aliniita tena. Kadiri mahindi yalivyokuwa yakirefuka, uji nilioachiwa nao ukaongezeka.

Mtoto anayemwona mama yake Jumapili tu hujua vizuri nani anampenda siku za katikati. Mimi sikuwa na shaka yoyote. Wajukuu tulikuwa wengi, na Kukhu alikuwa ameniteua mimi ninywe alichojinyima. Nilijivuna mpaka nikaanza kutembea kwa madaha. Nilimwambia Shitandi, "Kuna kitu mimi ninakunywanga na wewe hujui," naye alinifuata siku nzima akitaka kujua ni kitu gani, mpaka tukapigana. Mashavu yangu yalijaa. Mama Shitandi aliniangalia akasema hewa ya nyumba ya Kukhu inanifaa.

Niliona mambo mengine pia, ila niliyasoma ninavyojua mimi. Niliona leso yake ikizunguka kiuno na kubaki kipande kirefu cha kuchomeka. Niliona amesokota kitambaa na kukisukumia ndani ya kiatu chake cha kanisani. Shambani alikuwa akifika katikati ya mstari, anakaa kwenye jiwe, anasema ni jua, hata asubuhi ambazo ukungu wa msitu haujaondoka. Mimi niliamini kwamba wazee hupungua tu, kama sabuni ya kufulia, na kwamba hakuna cha kufanya.

Mama Shitandi naye aliona, lakini mke wa mwana hawezi kumuuliza mama mkwe habari za tumbo lake. Alichoweza ni kutazama vyombo alivyoosha. Kikombe cha Kukhu kilikuwa kinamfikia kitupu kila siku, na kwa sheria za boma lile mwenye kikombe kitupu ni mzima. Alinyamaza, akaendelea kuosha.

Jumapili moja mama alikuja na mkate kutoka mjini, na akina mama wa kikundi cha kanisa wakamsindikiza Kukhu kutoka ibadani ili wanywe chai. Mama hakuwa ameonana naye wiki kadhaa, maana mvua ilimzuia. Alisimama mlangoni akamtazama kabla hata ya kumsalimia.

"Mama, mbona umekonda hivi?"

"Ni uzee," Kukhu akasema. "Kwani unataka ninenepe niolewe tena?"

Wale mama wakacheka sana. Mama yangu hakucheka.

"Unakula lakini?"

"Usiniulize mimi. Uliza huyu mwenye anaosha vyombo."

Mama Shitandi alikuwa ameinama akipanga vikombe vya chai mezani. Alijibu akiwa bado ameinama, kama inavyompasa. "Mama anamalizanga uji wake kila siku. Kikombe chake mimi naoshanga hakina kitu ndani."

Nilikuwa nimesimama karibu na pazia nikiwa na sahani ya mkate mikononi. Kifua kilinijaa. Hapa palikuwa na mama yangu, na wageni, na Shitandi akichungulia dirishani, na siri yangu nzuri ilikuwa imekaa tumboni muda wote huo bila mtu wa kuistaajabia.

"Ni mimi ninamaliza," nikasema. "Kukhu ananiachianga mimi peke yangu. Siku hizi ananipatia karibu yote."

Nikatabasamu, nikangoja wanisifu. Mama Shitandi aliinua uso polepole akanitazama, kisha akatazama vikombe. Kukhu hakuniangalia kabisa. Alipeleka mkono kichwani akakinyoosha kitambaa ambacho hakikuwa kimepinda. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akikosa mahali pa kuweka macho, na uso wangu ukaanza kuwaka moto kabla sijaelewa nimefanya nini.

Mama mmoja wa kikundi, ambaye mjukuu wake alishawahi kukalishwa benchi kwa kikohozi, ndiye aliyemgeukia Kukhu. Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliokuwa mbaya. "Dada, si ni wewe unatuambianga mficha maradhi kifo humuumbua?"

"Chai inapoa," Kukhu akasema.

Wageni walikunywa chai hiyo haraka wakaaga. Mama alitaka waondoke naye siku hiyo hiyo wakamwone daktari mjini. Kukhu alikataa katakata. Hospitali ni ya wagonjwa, alisema, hawezi kwenda kuchukua nafasi ya mtu kwa ajili ya kiungulia. Mama alibembeleza, akafoka, akalia kidogo, mwishowe akashika njia kurudi Shieywe kabla giza halijaingia. Aliponiaga alinishika bega kwa nguvu. "Usinywe tena uji wake, umesikia? Hata akikuambia." Nikasema nimesikia. Jioni hiyo niliketi nyuma ya nyumba nikijaribu kuupanga upya ule mwezi mzima kichwani mwangu. Vile vikombe vyote vya maziwa sikuwa nimepewa kwa sababu ninapendwa. Nilikuwa nimepewa kwa sababu vilimshinda. Niliona aibu ya kumwumbua mbele ya watu, na nyingine, ambayo sikuweza hata kuitaja, ya kujidhania mteule.

Kesho yake asubuhi Kukhu alitumiminia uji kama kawaida, na mwisho akajimiminia wake, kwa kata ile ile, mbele yetu wote. Akanywa. Alikunywa akakunja uso, akapumzika, akajaribu tena. Kisha akakiweka kikombe chini katikati yetu ili kila mtu aone. Kilikuwa na zaidi ya nusu. Mama Shitandi, aliyekuwa amekuja kuchukua moto, alijiziba mdomo kwa kiganja. Kukhu aliinuka bila kumtazama mtu, akachukua ungo wa maharagwe, akatoka nje ya ua.

Sisi watoto tulibaki tukitazamana. Hakuna aliyecheka. Nilijipenyeza hadi kwenye ua, nikachungulia katikati ya majani. Alikuwa ameketi pale benchini mgongo wima, ungo mapajani, mtu mzima mwenye wajukuu, mahali ambapo nilikuwa nimewahi kukaa mimi na kuhara kwangu. Wa kwanza kupita alikuwa kijana wa bodaboda ambaye miaka ya nyuma Kukhu alimkalisha hapo hapo kwa macho mekundu. Alipunguza mwendo akitafuta mtoto kwa macho.

"Mulembe, Kukhu! Leo mgonjwa wako ni nani?"

"Ni mimi."

Yule kijana alizima pikipiki. Alikuwa anajua kinachofuata, kila mtu wa njia ile alijua, lakini nani anamuuliza mzee swali kama hilo? Alijikuna shingo. Alitazama ua kana kwamba angepata msaada huko.

"Sasa... una nini, Kukhu?"

Kukhu alichambua maharagwe kidogo. "Chakula kinakataa," akasema. "Kinachoma hapa," na akaonyesha chini ya kifua.

Sikusubiri kusikia zaidi. Nilipaswa kwenda shule, na njia ya shule ilipita mbele ya benchi. Nilikata katikati ya mahindi, nikatokea barabarani mbali chini, sketi imelowa umande hadi kiunoni. Siku nzima darasani nilikuwa nawaona wapita njia wakisimama mmoja mmoja, na yeye akirudia maneno yale yale kwa kila mmoja, wachuma chai, wabeba kuni, mwalimu na baiskeli yake. Nilitamani mvua inyeshe arudi ndani. Haikunyesha.

Nilipotoka shule nilikusudia kupita tena kwenye mahindi, lakini mjomba alikuwa akipalilia pale, ikanibidi nifuate njia ya watu. Alikuwa bado ameketi. Maharagwe yote yalikuwa safi, naye alikuwa akiyachambua tena. Nilisimama mbele yake nikitazama vidole vyangu vya miguu.

"Uliza," akasema.

"Niulize nini?"

"Watu wote wameuliza. Wewe ndio bado."

"Una nini, Kukhu?"

Akaniambia kila kitu, kwa utulivu, kama anayemweleza mtu wa rika lake. Kiungulia kilianza wakati wa kupanda mahindi. Kwanza kidogo, akasema kitaisha. Halafu usiku kikawa kinamwamsha. Halafu akawa hawezi hata obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda, akawa anajidanganya na uji, na uji nao ukakataa.

"Kwa nini hukusema?" nikauliza.

"Niliona haya, mwana wanje, mtoto wangu. Nyinyi nawakalishanga hapa, halafu mimi niseme nini?"

Sikujua kama nimsamehe au nimwombe msamaha, kwa hiyo nilichukua ungo nikamsaidia kuchambua maharagwe yasiyo na takataka. Tukiwa hapo yule kijana wa bodaboda akarudi, safari hii akiwa na mama yake nyuma ya pikipiki. Mama huyo alikuwa amewahi kuchomwa hivyo hivyo chini ya kifua, na mjini walimwambia ni vidonda vya tumbo, akatibiwa akapona. Alikaa benchini karibu na Kukhu wakanong'onezana kwa lugha yetu, wakagusana mahali panapouma. Sijui alimwambia nini ambacho mama yangu hakukisema siku iliyotangulia. Kesho yake Kukhu alivaa viatu vyake vya kanisani, vitambaa vikiwa ndani, akapanda pikipiki akaenda hospitali.

Vilikuwa vidonda kweli, na vilikuwa vimeanza kutoa damu. Daktari alimwambia mama kwamba wangechelewa zaidi angezungumza nao mambo mengine. Walimlaza. Mama alifunga biashara yake akakaa naye, na mimi nikahamia kwa Mama Shitandi, ambaye hakunilaumu kwa neno moja, wala Shitandi hakunicheka. Kukhu alirudi na mfuko wa dawa na masharti chungu nzima ya chakula. Polepole ile leso ikaanza kufupika kiunoni. Uji wake ukawa unashuka wote, kwa koo lake mwenyewe, na watu walipompongeza aliwaambia wamshukuru Mungu na yule mama aliyeletwa na pikipiki.

Nilifurahi. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu yanayofuata ndiyo yanayonifanya hadi leo nione haya nikiwa peke yangu jikoni. Nilifurahi mchana. Asubuhi, wenzangu walipotoka, nilibaki mlangoni pa jiko nikimtazama akinywa. Nilifuata kila funda likishuka. Nilikuwa natumaini atapumzika, atakunja uso, ataweka kikombe chini aniite nirudi ndani nifanye haraka wenzangu wasinione. Sikutaka afe, wala arudi hospitali. Nilitaka aumwe kidogo tu, kiasi cha kunihitaji. Niliwahi hata kumwomba Mungu, kwa maneno, uji umshinde.

Asubuhi moja alikunywa mpaka mwisho, akafuta midomo kwa ncha ya leso, akageuka akaniona.

"Imali, unasimamanga hapo kufanya nini?"

"Nakuangalia tu."

"Unaniangalia mimi ama unaangalia kikombe?"

Macho yangu yalikuwa bado kwenye kikombe. Alinitazama kwa muda, nikaona jambo likimfikia usoni, na nilitamani ardhi inimeze.

"Unangoja niugue?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Nilikitikisa sana, kama mtu anayefukuza nyuki, na machozi yakawa yananitoka huku bado nakitikisa. Kukhu hakunigombeza. Alisukuma kuni ndani ya jiko, akavuta kigoda cha pili karibu na chake, akakipangusa kwa kiganja.

"Ukitaka kukaa na mimi, ingia ukae," akasema. "Si lazima mtu augue."

Niliingia nikaketi. Mabega yetu yaligusana, na sikuweza kumtazama usoni mpaka nilipoitwa kwenda shule.